Muuguzi wa Isongole na Mfuko Wake wa Kanada

Wenzangu mliobaki ofisini Tunduma, nimesikia mnavyowasimulia wateja habari hii, na nimeona heri niiandike mwenyewe kabla haijaharibika zaidi. Mnasema mimi na Mama Kibona tuliwahi kuuza hisa za bangi Ileje. Hatukuuza. Bangi ilitajwa mezani, hilo ni kweli, na bibi mmoja mcha Mungu nusura amwage ungo mzima wa mahindi kwa mshtuko. Lakini yaliyotokea siku ile, na yaliyokuja kutokea baadaye, ndiyo ningependa muyakumbuke katika miaka yangu yote ya kazi. Vyeo sitaviandika. Vilikuwa viwili, na tofauti yake ilikuwa kiti. Mishahara mnaijua.

Kazi hii niliingia kwa kupitia mizani. Nilikuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha ushirika kule kwetu Hasamba, na sifa yangu ilikuwa moja tu: hakuna mkulima aliyewahi kugombana na mizani yangu. Msimu mmoja alikuja mama wa makamo, mrefu, amejifunga kitenge juu ya gauni la ofisini, kuwaeleza wakulima habari za vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Wakulima walimsikiliza kwa adabu, wakampigia makofi, wakaenda zao bila kununua hata kipande kimoja. Yeye akabaki amesimama karibu yangu akinitazama ninavyopima. Mwishowe akaniuliza, "Kwa nini kila asubuhi unaanza kwa kulipima lile jiwe?"

Nikamwambia, "Jiwe nalijua uzito wake, mama. Mizani siijui mpaka niipime."

Akaitikia kwa kichwa tu. Mwezi uliofuata nikaletewa ujumbe niende Tunduma na vyeti vyangu. Huyo ndiye Mama Kibona, aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu kwao Ileje kabla ya kufungua wakala wa hisa na vipande mpakani, mahali ambapo kila mtu alimwambia hakuna atakayemwelewa.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya malori, barabara ya kwenda Sumbawanga. Siku hizo huku kote kulikuwa bado Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Siku yangu ya kwanza nilivaa tai. Mteja wa kwanza alikuwa mama wa Kizambia aliyepanda ngazi na furushi la vitenge, akanisalimu "Mulishani," akauliza kwacha leo inakwendaje. Wa pili alikuwa dereva wa lori aliyetaka choo. Nikavua tai.

Wa tatu ndiye aliyekuwa mteja kweli. Mzee Masunga, mfugaji kutoka Ndalambo, alikuwa ametoka kuuza ng'ombe mnadani, na pesa alikuwa amezifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti. Alisema anataka vipande. Mimi tayari nilikuwa nimeshika fomu na kalamu. Mama Kibona akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mzee wangu, hizi hela zina kazi gani?"

"Nataka zizae."

"Zikishazaa?"

"Nimwolee kijana wangu."

"Lini?"

"Mvua zikianza."

Mama Kibona aliichukua fomu mkononi mwangu taratibu, akairudisha kwenye droo. "Basi hela hii haiingii humu. Bei ya kipande inapanda na kushuka. Ikishuka wiki ile unayotakiwa kupeleka mahari, utauza kwa hasara na wakwe watakucheka. Iweke benki. Ukipata hela isiyo na kazi kwa miaka mingi, njoo."

Mzee aliondoka. Mimi nilinuna mpaka mchana, maana ile ndiyo ingekuwa kamisheni ya mwezi. Nikamwambia, "Mama, yule alikuwa mteja."

"Alikuwa mteja wa benki," akasema, akaendelea kuchonga penseli.

Mzee Masunga alirudi baada ya miaka miwili na hela isiyo na kazi, pamoja na majirani zake watatu. Nikawaandikia fomu. Mama Kibona hakunikumbusha ile siku, jambo ambalo kwa bosi yeyote ni gumu kuliko kutoa mkopo.

Vifaa vyake vya kazi vilikuwa vichache. Rula ya mbao, penseli mbili, na kikokotoo kilichopoteza kitufe cha saba, hivi kwamba kila tulipofika kwenye saba tulichomeka ncha ya penseli kwenye tundu. Kompyuta ilikuja baadaye na hakuwahi kuiamini mpaka aihakikishe kwa kikokotoo. Alinifundisha kusoma waraka wa mfuko kuanzia ukurasa wa mwisho. "Kurasa za mbele wanaandika watu wa matangazo," alisema. "Za nyuma wanaandika wanasheria. Mimi namsoma anayeogopa kushtakiwa." Kwa rula yake alikuwa anashuka mstari kwa mstari akitafuta mambo yale yale: ndani ya mfuko kuna nini hasa, kila mwaka unakatwa kiasi gani, mali zinatunzwa na nani asiye meneja mwenyewe, na siku mtu akitaka kutoka, mlango uko wapi. Faida ya miaka iliyopita, ile inayoandikwa kwa herufi kubwa, aliiruka. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hajaona mfuko uliotangaza mwaka wake mbaya.

Niliwaheshimu watu wengi katika kazi hii, lakini yeye nilimwogopa kidogo pia, kama mwanafunzi anavyomwogopa mwalimu ambaye hajawahi kumchapa.

Sasa nifike kwa Subilaga.

Subilaga alizaliwa Isongole, karibu kabisa na mpaka wa Malawi, mtoto wa pekee wa Bibi Eliza aliyebaki hai. Alisomea uuguzi, akapata kazi Kanada kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akaolewa huko, akapata watoto wawili na uraia. Mwaka aliokuja likizo peke yake ndio mwaka ambao kule Kanada bangi ilikuwa inahalalishwa, na barabara ya kutoka Mpemba kwenda Isongole ilikuwa bado inajengwa. Aliingia ofisini kwetu amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, amekumbatia kompyuta ya mapajani kama mtoto mchanga. Mama Kibona aliwahi kumfundisha hesabu darasa la saba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Subilaga! Desimali umeshazielewa?"

Walicheka, wakakumbatiana. Kisha Subilaga akafungua mzigo wake. Alikuwa na akiba ya miaka yake yote ya kule, na ilikuwa kwenye mfuko aliouziwa na mshauri mmoja, mtu mpole wa kanisani kwake. Hivi karibuni wauguzi wenzake walikuwa wamemwambia aachane na mfuko huo anunue ETF. Hizo, kwa ninyi mnaoanza, ni mifuko kama vipande vyetu, ila inauzwa na kununuliwa kwenye soko la hisa mchana kutwa kama hisa yoyote. Ukinunua kipande kimoja unaweza kuwa umenunua chembe za maelfu ya kampuni. Shida ni kwamba zipo nyingi kupita kiasi. Alikuwa na orodha ndefu, na juu kabisa, imezungushiwa duara jekundu, ilikuwa ile ambayo kila mtu kazini kwake alikuwa anaigombania.

"Nichagulie, mwalimu," akasema. "Nina siku kumi. Nikirudi huko sina wa kumuuliza ambaye haniuzii kitu."

Mama Kibona alivua miwani. "Leseni yangu inaishia Tanzania. Siwezi kukuambia nunua hiki wala uza kile, na senti yako sichukui. Lakini kukufundisha kusoma, hilo nilikuwa nalifanya kabla ya leseni. Piga chapa karatasi zote. Jumamosi tunakuja kwa mama yako."

Jumamosi tukaenda. Bibi Eliza alitupokea kwa Kindali kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu mimi Mnyiha. Alikuwa mdogo wa umbo, mgongo umepinda kidogo, na mikono haikutulia hata mara moja. Muda wote tuliokaa pale alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo. Tulipewa chai na ndizi za kuchemsha, meza ikapanguswa, karatasi zikatandazwa. Nje, upande wa chini wa uwanja, ulionekana msingi wa nyumba kubwa ambayo Subilaga alikuwa anaijenga kwa kutuma fedha. Vyumba sita.

Tulianza na ule mfuko wa mtu mpole wa kanisani. Mama Kibona alimpa Subilaga rula. Subilaga akashuka nayo ukurasa wa mwisho, akasimama, akarudi juu, akashuka tena.

"Zaidi ya dola mbili kwa kila mia," akasema polepole. "Kila mwaka? Hata nikipata hasara?"

"Hata ukipata hasara."

"Na hizi ETF pana za hapa chini hazifiki hata senti thelathini." Aliweka rula chini. "Mwalimu, huyu mtu tunaimba naye kwaya."

"Labda anaimba vizuri," akasema Mama Kibona. "Endelea."

Akaendelea mpaka kwenye ile yenye duara jekundu. Mama Kibona akamwambia ataje kwa sauti kilichomo ndani. Subilaga akasoma jina la kampuni moja, la pili, la tatu, akasita.

"Zinafanya nini hizo?" akauliza Mama Kibona.

"Zinalima bangi."

Hapo ndipo ungo ulipoyumba. "Bangi?" akasema Bibi Eliza. "Bangi hii hii?"

"Huko itakuwa halali, mama. Wote kazini wananunua."

"Hata huyo wa kwaya?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Mama Kibona peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alimtazama bibi kwa heshima, kwa sababu bibi alikuwa ameuliza swali la maana. Kisha akamgeukia mwanafunzi wake. "Sheria za huko sizijui, na maadili ni yako na mama yako. Mimi nauliza la hesabu. Kampuni chache, zote za zao moja, zote changa, na kila mtu anazikimbilia wiki hii hii. Simwinga, mwambie zao moja lina nini."

Simwinga ndiye mimi. Nikamsimulia mwaka ambao bei ya kahawa ilianguka kwetu Mbozi: hakuanguka mkulima peke yake, alianguka na mwenye duka, na fundi cherehani, na mwalimu anayesubiri ada, siku moja wote, kwa sababu sote tulikuwa tumesimama juu ya mbegu moja. Subilaga alisikiliza, akachukua penseli, akakata lile duara jekundu. Hata orodha ya hisa za Kanada tupu akaitilia shaka mwenyewe bila kuambiwa. "Mshahara wangu uko Kanada, nyumba iko Kanada," akasema. "Na soko lao limejaa mabenki, mafuta na migodi. Nikiweka na akiba yote hapo hapo nimekuwa mtu wa Mbozi."

Sijawahi kumwona Mama Kibona akiwa na furaha kama dakika ile.

Kufikia saa saba mchana zilibaki karatasi chache, zote za aina moja: ETF zilizokuwa ndiyo kwanza zimetoka, ambazo ndani yake zimebeba mifuko mingine ya hisa za dunia nzima na hatifungani, yaani mikopo inayolipa riba, na zinajipanga zenyewe kila uwiano unapopinda. Mtu ananunua moja tu, anaendelea na maisha yake. Tofauti kubwa ilikuwa kiasi cha hisa na kiasi cha hatifungani. Na hapo Mama Kibona akauliza swali ambalo mimi nililiona la kawaida kabisa, kwa sababu alilazimika kuliuliza.

"Sasa niambie. Utazeekea wapi?"

Subilaga akakunja pembe ya karatasi.

"Nauliza kwa sababu ndiyo inayoamua," Mama Kibona akaendelea, macho bado kwenye karatasi. "Kama utakula uzee wako kwa dola za Kanada, hatifungani zako ziwe za dola hizo. Kama utaula kwa shilingi, ni hesabu nyingine. Na hii akaunti yako isiyotozwa kodi, umeniambia mwenyewe ni tamu ukiwa mkazi. Ukihama, mambo yanabadilika. Kwa hiyo..."

Akainua macho. Mahindi yalikuwa yameacha kudondoka kwenye ungo. Bibi Eliza alikuwa ameshika gunzi katikati ya viganja vyake, hajalisogeza.

Nimekaa na wateja waliopoteza mali, na waliofiwa, na mmoja aliyegundua mume wake ana familia ya pili Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Sijawahi kukaa mahali pagumu kama pale. Nilitamani niende nje nikakague tairi za gari.

"Sijui," akasema Subilaga.

"Unajua," akasema Bibi Eliza. Sauti yake haikuwa kali. "Mama Kibona, mwulize tena."

"Mama, tafadhali."

"Mwulize tena, mwalimu."

Mama Kibona hakuuliza. Lakini Subilaga alikuwa ameshaanza kulia, na katikati ya kulia akasema, "Huko, mama. Nitazeekea huko. Watoto wangu wako huko, hawajui hata kuomba maji kwa lugha yetu. Nawaogesha wazee wa watu kila siku wanaosubiri watoto wao dirishani, nasema mimi sitakuwa hivyo, nitarudi kwa mama. Halafu nahesabu, naona nikirudi kwako nitawaacha wale wawili wakinisubiri mimi. Nimekudanganya miaka yote hii kwa hiyo nyumba."

Bibi Eliza aliweka ungo chini, akajipangusa mikono.

"Hukunidanganya. Mtu anayejenga kwa haraka anarudi. Wewe umejenga msingi miaka sita." Akautazama ule msingi kupitia mlangoni. "Nilikuwa nasubiri useme, ili na mimi nipumzike kusubiri. Ya vyumba sita acha. Hii ya vyumba vitatu yenyewe nimechoka kuifagia. Niwekee bati jipya na tenki la maji. Kila mwaka unaoweza, uje. Ukija, uje na hao wasiojua kuomba maji, nitawafundisha." Kisha akamgeukia Mama Kibona kama aliyemaliza shughuli ndogo ya sokoni. "Andikeni Kanada."

Nimekutana na watu wengi waliosoma fedha. Sijaona aliyefanya uamuzi mgumu wa fedha kwa usafi kama yule bibi, na hakuwa na hata akaunti ya benki.

Wakaandika. Subilaga alichagua mfuko mmoja, wenye hisa nyingi na hatifungani za kutosha kumfanya apate usingizi, akapanga kila mshahara unapoingia sehemu yake ikatwe na kununua vipande, bei iwe juu au chini. Ile hela ya ujenzi ikagawanywa, bati na tenki upande mmoja, nauli za watoto upande wa pili, na hiyo ya nauli, kwa kuwa ina kazi ya karibu, haikuingia kwenye mfuko. Mama Kibona alimpa onyo moja tu kabla ya kuondoka: asinunue wala kuuza siku ambayo amelia. Subilaga akamwambia, "Mwalimu, leo nimelia." Mama Kibona akafikiri. "Basi nunua wiki ijayo."

Mwaka uliofuata Mama Kibona alistaafu, magoti yakiwa yamechoka ngazi zetu, akarudi kwake milimani Ileje. Ofisi akaniachia mimi, pamoja na rula. Ile mifuko ya bangi, niliwahi kuichungulia mtandaoni kwa udadisi. Ilipanda kidogo, kisha ikaporomoka vibaya. Sikumwambia mtu. Ila Bibi Eliza nilimwambia, akasema hakushangaa.

Kisha ikaja korona. Masoko ya dunia yalianguka kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona, siku baada ya siku, na kwenye barabara yetu malori yalipangana mpaka nje ya mji yakisubiri kuvuka. Wateja walinipigia simu mfululizo. Na alasiri moja, katikati ya hayo, akapiga Subilaga. Kule ilikuwa asubuhi, alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, na sauti yake ilisikika kama mtu aliyefunikwa blanketi.

"Kaka Simwinga, inashuka kila siku. Nikiuza leo angalau nitabaki na kitu. Niuze?"

Ninawaandikia haya ninyi, kwa hiyo nitasema ukweli. Niliogopa. Nilikuwa nimeogopa wiki nzima, na yeye hakunisikia nikiogopa kwa sababu nilikuwa na sauti ya mtu mwenye ofisi. Nikasahau leseni, nikasahau kila nilichofundishwa, nikasema neno linalosemwa na kila mwoga anayetaka kuonekana na busara.

"Uza nusu."

Akasema, "Haya, kaka," simu ikakatika.

Nilikaa nikiitazama simu. Kisha nikaona nilichokifanya: nilikuwa nimetoa jibu bila kuuliza swali hata moja. Mama Kibona hakuwahi kumjibu mtu kabla hajajua hela ina kazi gani. Nilipiga, haikupokelewa. Nikapiga tena mpaka salio likaisha. Alikuwa zamu. Kesho yake asubuhi sikufungua ofisi. Nilipanda gari nikaenda Isongole, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa ile hela aliitaka ya nini, na mtu pekee aliyeweza kumsaidia alikuwa huko.

Nilimkuta Bibi Eliza shambani, mzima wa afya, akashangaa kuniona na barakoa. Tukangoja nje ya duka lenye mtandao mzuri mpaka kule Kanada kukapambazuka, nikapiga kwa picha. Subilaga alipokea. Uso wake ulikuwa na alama za barakoa, kama mtu aliyelalia kamba.

"Subilaga, jana sikukuuliza. Hela unaitaka ya nini?"

Akamwona mama yake nyuma yangu, akajipangusa uso. Akasema, "Nataka nije kwa mama. Akifa na mimi niko huku..."

"Ndege hakuna, dada. Hata ukiuza zote."

"Najua. Najua kwamba hakuna."

Bibi Eliza aliichukua simu, akaishika mbali na uso kama wanavyofanya wazee, nusu ya picha ikawa paji la uso na nusu mbingu. "Mimi mzima, nimetoka kupalilia. Wewe je?"

"Tumepoteza wazee watatu wiki hii, mama. Watoto wao hawaruhusiwi kuingia. Nawashikia simu wanaagana."

"Basi waangalie hao. Ni mama za watu." Akanielekezea simu. "Simwinga yupo hapa, ameacha kazi yake kuja kuniangalia mimi. Na wewe uko huko unawaangalia wao. Tunatosha."

Walizungumza kwa Kindali kwa muda mrefu, nami nikasogea pembeni nikanunua soda ambayo sikuwa na kiu nayo. Niliporudishiwa simu nikajikaza.

"Dada, jana uliuza kiasi gani?"

"Sikuuza."

"Nilikuambia uuze nusu."

"Ulisema, kaka. Lakini nilikuwa nimelia," akasema. "Na nilipokusikia unasema nusu nikajua na wewe umeogopa. Nilikuitikia tu nisikukatishe tamaa."

Soko lilikuja kupanda tena. Silihesabu kama ushindi wetu, maana siku ile hakuna aliyejua kama lingepanda baada ya mwaka au baada ya kumi. Ninachokihesabu ni kwamba Subilaga, kwenye wiki mbaya kuliko zote za maisha yake, alikuwa na mfuko ambao aliuelewa, na sababu aliyoijua, na zamu iliyokuwa ikimngoja.

Anga zilipofunguliwa alikuja na watoto wake wawili, kwa ile nauli iliyokuwa imetengwa. Tulikwenda pamoja hadi kwa Mama Kibona, mimi, yeye, Bibi Eliza na wale watoto, ambao kufikia siku hiyo walikuwa wanaomba maji kwa Kindali hata wasipokuwa na kiu. Mama Kibona alikuwa amekonda, anatembea kwa fimbo, lakini alimwambia mkubwa aseme saba mara nane kabla hajampa biskuti. Tukala, tukanywa chai. Mimi nilikuwa nimejisahau kabisa nikifurahia.

"Mwalimu," akasema Subilaga, "huyu kaka alikuambia kwamba wakati wa korona alinishauri niuze nusu?"

Hakuwa ameambiwa. Nilikuwa nimemficha muda wote huo. Mama Kibona aliweka kikombe chini, akanitazama kwa yale macho ya ubaoni, kwa muda wa kutosha kunifanya niwe na miaka kumi na miwili.

"Na wewe ukafanyaje?" akamuuliza Subilaga, bila kuniondolea macho.

"Sikumsikiliza."

Alianza kucheka polepole, mabega kwanza, kisha akacheka mpaka Bibi Eliza akaenda kumpigapiga mgongoni.

"Simwinga," akasema alipopata pumzi, anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, "umeona sasa? Tulimfundisha vizuri."